Chama kimekufa, waziri kabaki: Mary Harney alistahili kuendelea na kiti?

Mtoa mada
Wakuu, leo twende Ireland kidogo. Mary Harney aliteuliwa kuwa seneta mwaka 1977 na Waziri Mkuu Jack Lynch, binti wa miaka 24. Mwaka 1985 chama chake, Fianna Fáil, kikiwa upinzani, kikamtimua kwa kupiga kura ya kuunga mkono mkataba wa serikali ya Ireland na Uingereza kuhusu Ireland Kaskazini. Akaanzisha Progressive Democrats pamoja na Des O'Malley na wenzao, akakiongoza kuanzia 1993, na 1997 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Tánaiste, yaani naibu waziri mkuu. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu uko mwishoni. Uchaguzi wa 2007 chama kiliporomoka kutoka viti 8 hadi 2. Novemba 2008 wanachama wenyewe wakapiga kura kukivunja. Mama akabaki Waziri wa Afya hadi Januari 2011! Alikuwa anamwakilisha nani?

Mzee wa Katiba
Mkuu, unapima kwa kibaba cha kwetu. Tanzania mbunge akipoteza chama, na kiti kimekwenda. Katiba ya Ireland inamtaka waziri awe mbunge au seneta, basi, chama hakitajwi. Na kura zao unawapanga wagombea 1, 2, 3, kwa hiyo unamchagua mtu. Hata hivyo si wa kwanza: James Dillon alikuwa Waziri wa Kilimo mwaka 1948 bila chama.

Mtoa mada
Dillon aliomba kura akiwa mgombea binafsi. Harney aliomba kwa tiketi ya chama. Huo mfano haushiki.

Nesi Dublin
Nyie mko kwenye katiba, mimi nilikuwa kwenye korido. Wazee wanalala juu ya machela usiku kucha, wodi hazina nafasi, na ndugu zao wanatugombeza sisi. Machi 2006 yeye mwenyewe aliiita hali hiyo dharura ya kitaifa. Dawa yake ikawa nini? Hospitali binafsi zijengwe kwenye viwanja vya hospitali za umma. Haikusimama hata moja.

Ila haki yake nampa. Kukusanya matibabu ya saratani kwenye vituo 8 kulimpatia matusi mengi huko mikoani, na alikuwa sahihi. Ukipasuliwa saratani unamtaka daktari anayeifanya kazi hiyo kila wiki, hata kama yuko mbali na kwenu.

Mpita Njia
Mbona hakuna anayetaja makaa ya mawe? Dublin ya miaka ya 80 ilikuwa inakohoa kila kipupwe. Septemba 1990, akiwa waziri mdogo tu, alipiga marufuku kuuza makaa yenye moshi jijini. Moshi mweusi ukapungua kwa takribani asilimia 70. Na chama chake kilikuwa na wabunge 6 tu. Mtu akiwa na msimamo, chama kinamsaidia nini?

Mtoa mada
Umenisaidia bila kujua. Wale 6 wangejitoa, serikali ya Waziri Mkuu Haughey ingeanguka. Ndiyo maana alisikilizwa. Sasa 2009 angemtishia Waziri Mkuu Brian Cowen wa Fianna Fáil kwa kitu gani?

Mzee wa Katiba
Kwa kura yake mwenyewe. Kufikia 2010 Cowen alikuwa anahesabu wabunge mmoja mmoja, kama mama ntilie anavyohesabu sahani.

Mtoa mada
Basi alibakizwa kwa ajili ya hesabu. Ndicho ninachokisema tangu mwanzo.

Nesi Dublin
Hesabu, sawa. Lakini kumbuka Cowen aliwahi kuikalia wizara hiyohiyo, akaibandika jina la Angola, kwa sababu kila unapokanyaga kuna bomu la ardhini. Nitajie mtu mmoja ndani ya Fianna Fáil aliyekuwa anaipigania.