Ushauri: Nina toleo la Kiswahili la Hips Don't Lie, ruhusa naombea wapi?

Gitaa_Bubu (mleta uzi): Wakuu, salaam. Nimetengeneza toleo la Kiswahili la Hips Don't Lie ya Shakira na Wyclef Jean. Biti nimelijenga upya, dada mmoja kaimba kiitikio, rapa mgeni kaweka vesi pale pa Wyclef. Nataka uuzwe mtandaoni. Ruhusa naanzia wapi? Usingizi sina. Natanguliza shukrani.

Kamba_ya_Tano: Kurudia wimbo kama ulivyo ni jambo moja, kutafsiri na kubandika vesi mpya ni jingine. Leseni ya kawaida ya kurudia wimbo haikupi ruhusa ya kugusa maneno. Unahitaji kibali cha maandishi cha wenye utunzi (maneno na melodia), na hawako wawili tu: Omar Alfanno wa Panama naye yumo. Waandikie wanaosimamia utunzi wao. Lebo, yaani kampuni ya muziki, ina rekodi (sauti yenyewe iliyorekodiwa), hilo ni dai jingine.

Binti_Salsa: Alfanno yumo kwa sababu ya tarumbeta. Zimetoka Amores Como el Nuestro ya Jerry Rivera, 1992, mtunzi ni yeye. Na wimbo wenyewe umegeuzwa kutoka Dance Like This ya Wyclef, 2004. Albamu ya Shakira ilishatoka 2005 bila huu wimbo, 2006 ikabidi itolewe upya nao ukiwa ndani. Watu wengi hawalijui hili.

Fundi_Mikisi: Mleta uzi, tarumbeta zako umezitoa wapi?

Gitaa_Bubu: Zimepigwa upya.

Fundi_Mikisi: Na nani? Tarumbeta au kinanda?

Gitaa_Bubu: Haya. Nimezikata kwenye rekodi, sekunde nane tu. Ila nimeshusha nusu toni na kasi nimeitoa mapigo 100 hadi 104 kwa dakika, hazitambuliki. Kwani wangapi wanafanya hivyo?

Mzee_wa_Kona: Nusu toni haimfichi Shakira, mkuu. Kiuno kinaonekana.

Fundi_Mikisi: Mashine za utambuzi zinanasa mabadiliko madogo kama hayo kila siku. Na umejiongezea deni: sasa unadaiwa na wenye utunzi, na pia na mwenye rekodi ya Shakira. Ungepiga upya, dai la rekodi lingekufa, lingebaki la utunzi tu.

Mja_Mnyenyekevu: Jasho la mtu haliliwi. Ndiyo maana muziki wetu hausongi mbele.

Jicho_Kavu: Hii ni chai. Tarumbeta za mwanzo zinalia huku Wyclef anaongea juu yake. Umezikataje zikatoka safi? Huna wimbo wowote wewe.

Gitaa_Bubu: Sikusema safi. Nimetumia programu ya kutenganisha sauti. Wyclef kabaki kwa mbali, kama mtu anayeongea chooni mlango umefungwa. Nimekata sauti zote nzito, chini ya 300 Hz, bado yupo. Pale anaposikika zaidi nimefunika kwa makofi.

Jicho_Kavu: Makofi! Weka sekunde kumi tusikie.

Gitaa_Bubu: Siwezi. Msambazaji ameshapokea faili. Unatoka Ijumaa.

Mzee_wa_Kona: Looo. Kumbe ruhusa ulikuwa unaomba ya kuzika, maiti keshaoza.

Binti_Salsa: Sitisha leo. Dai likitangulia, mapato yanaweza kwenda kwa mdai na akaunti yako ikafungwa pamoja na nyimbo zako nyingine. Na rapa, mmeandikiana?

Gitaa_Bubu: Ni mshikaji, nimempa nusu ya hela. Vesi ya baa 16 tu, mapigo manne kila baa.

Binti_Salsa: Baa 16 kwa kasi 104 ni sekunde 37 hivi za wimbo, siyo "tu". Karatasi moja: asilimia yake ya utunzi, ya rekodi, jina liandikweje, sahihi mbili.

Gitaa_Bubu: Nikitoa tarumbeta panabaki ngoma tupu.

Kamba_ya_Tano: Basi kwa nini uitwe Hips Don't Lie? Acha maneno na melodia yao, tunga wako. Ngoma ya mtindo ule wa reggaeton haina mwenyewe: gawa baa moja hatua 16, kiki (ngoma nzito) kila pigo, sneya (ngoma kali) kwenye hatua ya 4, 7, 12 na 15. Tarumbeta mbili, ya pili ipige theluthi, yaani noti mbili za skeli, chini ya kwanza. Kila moja irekodi mara mbili, moja kushoto, moja kulia. Ukirekodi mara moja na kunakili, itasikika nyembamba kama filimbi ya refa.

Gitaa_Bubu: Nimebonyeza kusitisha. Wamejibu siku tatu za kazi.

Jicho_Kavu: Leo Jumatano.