Naomba ushauri: jahazi litoke Unguja Aprili au lisubiri Agosti?

Wakuu, heshima zenu. Nachora njia ya jahazi la karne ya 19, la tanga tu bila injini, lenye shehena ya karafuu, kutoka Unguja hadi Maskati, Omani: zaidi ya maili za bahari 2,000, kama siku 22 kwa mwendo wa noti 4 (maili za bahari 4 kwa saa).

Aprili kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ndiyo kwanza inaanza. Upepo haujatulia na masika yanalowesha karafuu. Likichelewa, litakuta Juni karibu na Ras Hafun (rasi ya kaskazini-mashariki mwa Somalia), kusi imechachamaa na ukungu unaficha nchi kavu. Hapo ndipo penye hofu yangu kubwa: upepo mkali wa nyuma ukilipindua tanga ghafla, foromali (boriti inayobeba tanga) huvunjika, pengine na mlingoti.

Mwisho wa Agosti bahari imeanza kulegea, na tende mpya zinapatikana Ghuba. Ila kusubiri ni miezi minne ya posho ya mabaharia, tena chombo kipandishwe ufukweni, kikwanguliwe, kipakwe deheni ya shahamu na chokaa, la sivyo wadudu wa baharini watatoboa mbao.

Kwa Aprili, tarehe ya mwisho salama ya kung'oa nanga ni ipi? Na jahazi liiache pwani kuanzia Lamu, au lifuate mkondo hadi Ras Hafun?