Kundi la Wajukuu wa Bibi: nyuti wa Salma hawali

[18:02] Da Rehema: Jamani, nyuti wa Salma hawajagusa chakula tangu waje. Mwenyewe ana mitihani, zamu napanga mimi. Nataka majina kabla ya magharibi.

[18:19] Da Rehema: Watu 14 mmesoma. Kimya!

[18:21] Kaka Idi: Nyuti ndiyo wale mijusi wanaoogelea?

[18:22] Da Rehema: Ni salamanda, ndugu zake chura. Salma, waeleze.

[18:30] Salma: Nimewapa punje kavu. Zimezama tu, hawana habari nazo.

[18:31] Faki: Punje kavu hata mimi nagoma 😂

[18:32] Kaka Idi: Wewe? Hujawahi kugomea sufuria

[18:34] Da Rehema: Tusikilizane. Nyuti hufuata kinachotikisika. Mpeni nyungunyungu aliyekatwa vipande vidogo, au mabuu mekundu ya kugandishwa, yayeyushwe kwanza. Mshikie kwa kibano, mtikisie polepole karibu na pua, jioni mwanga ukipungua. Kilichobaki kitolewe, kikioza kinachafua maji.

[18:35] Da Rehema: Nani anachimba nyungunyungu? Pasiwe palipopigwa dawa.

[18:41] Faki: Kibano chako cha nyusi kinafaa?

[18:52] Shangazi Mwana: Hiyo haraka ya nini, Rehema? Mkubwa mwenye afya akihamishwa anaweza kususa hata wiki nzima. Klorini mliitoa? Maji yana joto gani?

[18:54] Salma: Klorini nilitoa, shangazi. Hita iko 27.

[18:55] Shangazi Mwana: Yalaa! Nyuti wengi wanataka baridi, nyuzi 15 hadi 20. Hita nani kaweka?

[18:56] Da Rehema: Ya samaki hiyo. Kaileta Idi.

[18:57] Kaka Idi: Haya, tumeanza. Kila mnyama wa humu ni Idi. Kama kobe.

[18:57] Da Rehema: Nani kamtaja kobe?

[18:58] Kaka Idi: Ulimtaja mbele ya wakwe.

[18:59] Faki: 🐢🐢

[18:59] Da Rehema: Faki, futa.

[19:20] Bibi: Rehema. Mgeni akikodolewa macho hali. Zimeni hita, maji yapoe yenyewe. Wekeni mawe na majani wajifiche, kisha ondokeni hapo. Na la kobe nililimaliza mimi. Sitaki kulisikia.

[19:21] Kaka Idi: Nimekusikia, Bibi.

[19:24] Da Rehema: Sawa Bibi, samahani.

[20:15] Salma: Nimezima. Mmoja kaingia chini ya jiwe, mwingine anapanda kioo!

[20:16] Shangazi Mwana: Funika tangi, hao hutoroka. Na nawa mikono, ngozi yao ina sumu.

[20:40] Da Rehema: Kesho Idi, keshokutwa Faki. Nyungunyungu bado sina jina.

[20:44] Faki: Keshokutwa nina dharura ambayo sijaijua bado

[22:51] Mjomba Hamadi: Nilikuwa safarini. Nyungunyungu ninao, ila ni wale wekundu wa mboji.

[22:53] Da Rehema: Shikamoo mjomba. Hao wana majimaji machungu, nyuti wengi huwatema. Wa kawaida hakuna?

[22:58] Da Rehema: Basi leta hao hao wachache, tujaribu. Idi, utawapitia saa ngapi?

[23:10] Da Rehema: Idi, naona umesoma.