Kuhifadhi bangi: kioo, plastiki au friji, na chenga zinazobaki chini

Mkaazi wa Toronto
Wakuu, salaam. Tangu Kanada ilipohalalisha bangi kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, ninainunua dukani kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na daktari wangu anafahamu. Kwa kuwa natumia kidogo, gramu 15 hunichukua miezi minne, na mwishoni hukauka mpaka ikawa kama tumbaku ya ugoro. Nimejaribu mfuko wa plastiki na chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kioo kimeshinda, kwa sababu mfuko hupitisha hewa kidogo kidogo, maua hupondeka ndani yake, na ule unga wenye utomvu hunata kwenye kuta zake. Je, friji inafaa? Na chenga zinazobaki chini mnazifanyia nini? Naona uchungu kuzitupa.

Bibi Mdalasini
Mwanangu, friji iache. Kila unapotoa chupa baridi na kuifungua jikoni penye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya maua, nao ndio mwanzo wa ukungu. Friza ina kasoro nyingine: vile vinyweleo vya utomvu, ambamo nguvu yote imo, hukauka kwa baridi na kukatika ukigusa tu. Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni mwanga. Mwanga, joto na hewa huivunja THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na sehemu yake hugeuka kuwa CBN, ambayo haina nguvu kama ile. Kwa hiyo chupa ya kioo inayoachwa dirishani haina faida yoyote juu ya mfuko uliomo kabatini.

Fundi wa Hamburg
Naafikiana na Bibi, ila naongeza vile vipakiti vya kurekebisha unyevu, vya asilimia 58 au 62, ambavyo hunyonya unyevu ukizidi na kuurudisha ukipungua. Huku Ujerumani sheria ya Aprili 2024 inamruhusu mtu mzima kuweka nyumbani hadi gramu 50, na mimi huzigawa katika chupa ndogo tatu, ili ninayoifungua kila siku isiharibu nyingine. Ganda la chungwa, ambalo wengi hulisifu kwa kurudisha unyevu, liliniozeshea chupa nzima kwa wiki moja. Ukiona utando mweupe au kijivu na harufu ya chumba kilichofungwa, tupa yote. Kukwangua hakusaidii, na mwenye mapafu dhaifu anaweza kuugua vibaya.

Mama Keki
Nizungumzie chenga. Huzeeka upesi kuliko maua mazima, kwa kuwa zimeguswa na hewa kila upande, hivyo zisirundikwe mwaka mzima. Mimi huzitumia kwenye siagi: hutandaza chenga katika sinia, huzioka kwa nyuzi 115 za Selsiasi kwa dakika 40 hivi, kwani zikiwa mbichi hazina athari kubwa, kisha huzichemsha taratibu ndani ya siagi na kuchuja kwa kitambaa.

Hesabu ndiyo inayowaangusha watu. Gramu 5 zenye THC ya asilimia 15 zina miligramu 750. Hata kama nusu itapotea jikoni, biskuti 25 za siagi hiyo zitakuwa na miligramu 15 kila moja, ilhali pakiti nzima ya dukani hapa Kanada hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Anza na robo ya biskuti, usubiri saa mbili kamili, maana kinacholiwa huchelewa, na anayeongeza kwa kukosa subira ndiye anayeishia hospitali.

Bibi Mdalasini
Na biskuti hizo zisikae kamwe kwenye kopo la biskuti za watoto. Andika jina juu, ufungie kwa kufuli.

Mkaazi wa Toronto
Nimewaelewa. Nimenunua chupa mbili za kioo cha kahawia na vipakiti vya 62. Chenga zangu ni za chupa tatu zenye nguvu tofauti, nami nimezichanganya. Mama Keki, nipige hesabu vipi?

Mama Keki
Ichukulie yote kuwa sawa na ile kali kuliko zote, kaka. Na kabla ya kusafiri kwenda nyumbani, kung'uta mifuko ya begi na ya koti, kwa sababu kuvuka mpaka wa Kanada na hata chenga ni kosa, ukiwa na cheti cha daktari au usiwe nacho, na utakakoshukia Nairobi au Dar es Salaam risiti ya duka la Toronto haitakusaidia.