Tupeane uzoefu: nani amesaidiwa nyumba na serikali ya mtaa, na alianzia wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Nna jirani yangu mjane, nyumba yake inavuja na hana wa kumtengenezea, ndo nikaona tuulizane. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume alijenga mafleti, Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha Michenzani, na watu wa kawaida kabisa wakaingia. Leo nyumba mpya nyingi ninazoziona ni za kuuzwa, na mama muuza vitumbua atalipa kwa nini? Nikiuliza baraza letu naambiwa pesa zinakwenda taka, masoko na mitaro. Basi mwenye uzoefu atwambie, alisaidiwa na nani na aliandika barua gani.

Mtoto wa Ng'ambo: Waalaykum salaam. Mie nakaa fletini ghorofa ya nne, nyumba tumeirithi kwa mama. Ndani kila mtu anajitengenezea lakini ngazi, paa na bomba la maji machafu ni vya nani? Hapo ndo ugomvi. Kwenye ngazi zetu zege limebanduka mpaka nondo zinaonekana zimeliwa na kutu, na watoto wanapita chini yake kila siku wakenda skuli. Tukaambiwa ipo sheria ya kondominia ya 2010, yaani ya majengo ya fleti yenye wenyewe wengi, wenye nyumba waunde jumuiya wachange. Tumeunda, wengi wanatoa, ila wazee wawili wa chini hawana kitu kabisa na hatuwezi kuwadai. Mie nasema hapa ndipo baraza lingetia mkono, liwalipie fungu lao wale wasojiweza, maana paa likivuja linatuvujia sote.

Bi Mdogo wa Wete: Sisi huku kwetu alosaidiwa ni bibi yangu. Nyumba ya udongo, masika ukuta wa nyuma ukalowa ukashuka, zikabaki fito tupu unamuona bibi kitandani ukiwa njiani. Nikenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa shehia yetu, na picha kwenye simu, akaja mwenyewe kuangalia akaandika barua kupeleka wilayani. Jibu lilichelewa, sheha akaitisha msaragambo, vijana wakachimba udongo wakakandika upya na kina mama tukapika. Bati bibi alinunua kidogo kidogo kwa pesa za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini, akipokea tu anakwenda dukani anaweka moja. Ushauri wangu anzeni kwa sheha na mbaki na kopi ya barua yenye muhuri, bila ya hiyo ukifika wilayani huna pa kushika.

Ami Fundi: Huyo bibi apigiwe na msingi wa mawe jamani, kukandika peke yake masika yajayo yatarudi yale yale.

Mkaazi wa Magharibi B: Mama yangu anapanga chumba cha uani. Pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa ikafika 50,000, Mungu awalipe, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele kwa mkupuo na hapo ndo tunapokwama. Laiti manispaa ingekuwa na mfuko wa kukopesha hiyo kodi ya mwanzo tu, mzee akarudisha kila mwezi kutoka kwenye pensheni, wangapi wangelala kwa raha!

Mtoto wa Ng'ambo: Hilo la kodi la maana sana. Diwani wenu mmemwambia?

Mkaazi wa Magharibi B: Tumemwambia kwa mdomo. Barua ndo naiandika wiki hii nimpitishie sheha kwanza, nimefahamu kwa Bi Mdogo hapo juu.

Ahsanteni sana. Jirani yangu kesho nampeleka kwa sheha, na picha nimeshapiga. Bi Mdogo ukiweza nirushie mfano wa ile barua, ufiche jina la bibi. Na watu wa Makunduchi, Mkoani na Micheweni hatujakusikieni, hasa wenye jamaa mlemavu alopangiwa ghorofani, mlifanyaje akahamishwa chini?