Nimezuiwa uwanja wa ndege wa Schiphol, Uholanzi, na watoto wawili, ndege imeondoka. Naombeni ushauri

Mama Machungwa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kuandika humu ni mgeni, ila kusoma nasoma miaka. Naishi Rotterdam, nina watoto wawili, wa miaka saba na wa miaka miwili. Jana asubuhi tulikuwa tunasafiri kwenda nyumbani Muheza kwa bibi yao. Mabegi yameshapokelewa, tumefika dirisha la pasipoti, askari akatuweka pembeni. Tumekaa kwenye kichumba saa mbili na nusu, mdogo kajichafua, nepi zote ziko kwenye begi lililokwenda chini. Mwisho wakasema hatusafiri kwa sababu karatasi ya ruhusa ya baba yao haijatosheleza. Ndege ikaenda zake. Begi nimelipata usiku, shampuu niliyokuwa nampelekea mama imemwagikia nguo zote.

Swali langu ni dogo tu. Nikiondokea Brussels au Düsseldorf, nako wanaangalia hizo karatasi? Aliyewahi kupita anijuze. Matusi sitaki, niliyonayo yananitosha.

Chapati Mbili
Nimevuta kiti.

Jogoo wa Mbagala
Pole sana dada. Huo ni ubaguzi, usitafute jina jingine. Ungekuwa mweupe wangekusindikiza mpaka kwenye ngazi. Nenda Brussels, kule wamezoea Wakongo, hawaulizi ulizi. Mimi sijatoka nje ya nchi ila shemeji yangu yuko Antwerp, najua ninachosema.

Mtu wa Göteborg
Umenikumbusha mbali. Mwaka 2016 tunatoka Hamburg kwa treni kwenda kwa dada yangu Munich. Kufika Hannover nikashuka kumsaidia mama mmoja kushusha kigari cha mtoto. Nageuka, milango imefungwa, treni hiyoo, na binti yangu wa miaka mitano ndani kashika mfuko wa maandazi. Nilikimbia na treni kama kichaa mpaka jukwaa likaisha. Kituo kinachofuata ni Göttingen. Nilivyofika nikamkuta ofisini kwao anakula aiskrimu, maandazi kawagawia wafanyakazi, na kuondoka hataki. Ushauri wangu: mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, tena juu ya kiwiko, kiganja kinafutika.

Bi Mkubwa wa Muscat
Mwanangu pole. Miye nimelea watano huku Oman, na kila mwaka Unguja tunakwenda. Nepi haziwekwi begi la chini hata siku moja. Mkobani nepi sita, kanga moja, na nguo ya mama ya kubadili, maana mtoto akitapika hatapiki juu yake, atatapika juu yako. Bibi yao mzima lakini? Au ndiyo mnamkimbilia mgonjwa?

Mama Machungwa
Asanteni wote. Bibi mzima kabisa, ni shauku tu. Wajukuu hajawashika tangu wazaliwe. Amekwenda mpaka Tanga mjini kuwanunulia magodoro mawili, yamekuja juu ya Coaster yamefungwa kwa kamba, Muheza nzima imeyaona. Ndiyo maana roho inaniuma. Ni likizo ya wiki tatu tu jamani. Brussels vipi?

Dada wa Den Haag
Bibie, mimi nina watoto watatu na nasafiri nao kila mara peke yangu. Ile fomu ya ruhusa ni ya kupakua tu mtandaoni. Unajaza, baba anatia saini, unaambatanisha nakala ya pasipoti yake. Haihitaji hata mthibitishaji. Sasa "haijatosheleza" maana yake nini? Kilipungua nini?

Mama Machungwa
Ni kwenye saini.

Dada wa Den Haag
Saini imefanya nini?

Mama Machungwa
Walisema haifanani na ya kwenye pasipoti.

Chapati Mbili
Saini ya baba haifanani na baba. Ngoja nisogeze kiti mbele.

Mama Machungwa
Haya. Niliiweka mimi. Mnafurahi? Baba yao tumeachana mwaka jana. Anakuja Jumamosi moja, anaruka moja. Anawapeleka kwenye bembea, anawanunulia chipsi, anaonekana malaika. Homa za usiku ni zangu, viatu vya baridi ni vyangu, kuitwa shule ni mimi. Saini ya nini kwa mtu wa Jumamosi? Wangenielewa vizuri tu, basi tu yule askari aliamua kumpigia simu, tena akaweka sauti ya nje.

Nyundo
Hapa ndipo wanawake wa siku hizi mnapokosea. Mnavuka bahari, mnaolewa na Wazungu, mkishapata makaratasi baba hana maana. Sasa Mzungu wa watu anapigiwa simu asubuhi anaambiwa wanawe wako mlango wa ndege. Mngekuwa mnafikiria kabla ya kuzaa.

Mama Machungwa
Nyundo, baba yao si Mzungu. Ni Msukuma wa Magu, yuko Eindhoven. Uraia wa huku alishachukua zamani.

Chapati Mbili
Dada hapo umeyakanyaga. Sungusungu wataingia Rotterdam kwa miguu.

Nyundo
Hata kama ni Msukuma, hoja yangu iko palepale.

Mtu wa Göteborg
Hoja ipi? Umeshaibadilisha kabla hatujaiona.

Bi Mkubwa wa Muscat
Miye nna neno moja la godoro. Mwanangu, bibi hanunui godoro kwa mgeni wa wiki tatu. Mjukuu wa wiki tatu analala na bibi, tena ndiyo raha yake, usiku anapigwa hadithi mpaka usingizi unamchukua. Godoro jipya lililotoka mjini juu ya gari, hilo la mtu anayehamia. Ulikuwa unawapeleka kwa muda gani?

Jogoo wa Mbagala
Mama mkubwa, umepigilia msumari.

Mama Machungwa (amehariri)
Nimekaa nikafikiri nijibu au nifute uzi. Mwaka mmoja. Labda miwili. Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, zao za kwenda tu.

Kabla hamjanirukia, sikilizeni. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la maua. Napanga mawaridi kwenye ndoo kuanzia saa tano usiku, vidole vinakufa kwa baridi, saa moja asubuhi niko nyumbani nawavalisha. Jirani ndiye analala nao, namlipa. Mkubwa Kiswahili hajui. Mwezi uliopita bibi yake yuko kwenye simu ya video, kajifunga ushungi vizuri anasubiri shikamoo yake, mtoto kamwambia "doei" akakata simu akarudi kwenye mchezo. Mama alinipigia tena mimi, hakulaumu, aliuliza tu "hilo alilosema ndiyo salamu ya huko?" Ni kwaheri. Siku ile niliamua.

Na pale uwanjani aliyenimaliza si saini. Askari alichuchumaa akamuuliza mkubwa kwa Kiholanzi, mnakwenda wapi? Kwa oma, yaani bibi. Mtarudi lini? Mtoto akafikiri, akasema hajui, ila sungura wake amempa mtoto wa jirani moja kwa moja, na kibanda chake. Kiholanzi nakielewa lakini kukimbizana na mtoto siwezi. Nilipofungua mdomo lilikuwa limeshatoka.

Jogoo wa Mbagala
Basi mambo rahisi. Nimesoma mahali kwamba Tanzania haimo kwenye ule mkataba wa The Hague wa 1980 wa kurudisha watoto. Ukishakanyaga Muheza umekanyaga. Pita Brussels usiku.

Dada wa Den Haag
Jogoo, mkataba umeusoma nusu. Ni kweli Tanzania haimo, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtoto akishafika nchi isiyomo hakuna njia nyepesi ya kumrudisha, kwa hiyo huku wanabana mlangoni. Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani zote zimo. Popote utakapotokea kwenda nje ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, kuna dirisha la pasipoti, na sasa baba ameshajua. Akienda polisi leo, kesho Brussels wana jina lako.

Halafu kumwondoa mtoto kwa mzazi mwenye haki naye ni kosa la jinai hapa, na kughushi saini ni jingine. Watoto watakuwa Muheza, wewe Uholanzi utarudije kwenye hayo maua yako? Au unafikiri mama yako atawalisha machungwa miaka miwili?

Njia ya halali ipo. Baba akikataa, unaomba mahakama itoe ruhusa badala yake. Hapo utahitaji wakili. Anza Juridisch Loket, ofisi ya ushauri wa sheria, ushauri wa kwanza ni bure kama kipato chako ni kidogo. Pale Hilversum kuna kituo kinachoshughulikia mambo haya ya watoto kupelekwa nje, wanasikiliza hata mzazi anayetaka kuondoka, si anayelalamika peke yake. Na mkubwa ana miaka saba, sheria ya shule ya lazima inambana tangu alipofika mitano, usisahau hilo nalo.

Alipopigiwa simu alisema nini? Alikataa?

Mama Machungwa
Alisema "saini yangu? Mimi sijaona hata karatasi." Basi.

Dada wa Den Haag
Kabla ya hapo ulimwomba?

Mama Machungwa
Ningemwomba angekataa.

Dada wa Den Haag
Kwa hiyo hajakataa.

Mama Machungwa
Wewe humjui. Na hata hivyo mkubwa hakuwa na shida, askari mwenyewe alisema huyo anaweza kusafiri, wa kubaki ni mdogo. Sasa ningepandisha mmoja nimwache mwingine na nani? Kwa hiyo kosa liko wapi hasa? Na tiketi za Brussels nimeshalipa, basi la kwenda huko linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nilichouliza ni kimoja tu na hamjanijibu.

Mpelelezi Mstaafu
Nilikuwa nasoma kimya. Hii ni chai, tena haina hata tangawizi. Angalieni. Akaunti imefunguliwa juzi. Mwanzo anasema "hatusafiri", wote watatu. Sasa ghafla mkubwa aliruhusiwa. Watoto wawili, baba mmoja, mama mmoja, nchi moja, askari mmoja. Huyu apite, huyu abaki? Sheria gani hiyo inayochagua mtoto kama nyanya sokoni? Mtunzi kasahau alichoandika juu. Na sungura juu yake! Kila chai ya mwaka huu ina mnyama.

Chapati Mbili
Nilijua tu chapati zangu hazikuja bure. Mimina.

Nyundo
Nilisema tangu mwanzo huyu muongo.

Mtu wa Göteborg
Nyundo, tangu mwanzo ulisema kaolewa na Mzungu.

Jogoo wa Mbagala
Kama ni chai basi nirudishieni muda wangu. Nimempigia mpaka shemeji wa Antwerp.

Mama Machungwa
Mpelelezi, ningekuwa natunga ningejitungia nimefika.

Dada wa Den Haag
Ngoja, Mpelelezi. Mleta mada, jibu mawili tu. Mlikuwa na ndoa ya serikali? Na mdogo alizaliwa mwezi gani?

Mama Machungwa
Ndoa ya serikali hapana, tulifunga ya msikitini tu. Mdogo ni wa Machi 2023.

Dada wa Den Haag
Basi chai imekwisha, inueni vikombe. Hapa Uholanzi sheria ilibadilika tarehe 1 Januari 2023. Kabla ya hapo, wazazi wasio na ndoa ya serikali, baba akimtambua mtoto manispaa anakuwa baba yake kisheria tu, haki ya kumwamulia inabaki kwa mama mpaka wote wawili waiandikishe mahakamani. Kuanzia siku ile, baba akimtambua mtoto wanaipata wote kwa mpigo. Mkubwa ni wa 2018, mdogo wa 2023. Ndugu wa tumbo moja, kila mmoja na sheria yake. Nimeishi hapa miaka kumi na nne na nililijua hili baada ya jirani yangu kukwama nalo. Mtunzi wa chai angewatoa wapi askari wa kumpitisha mmoja na kumzuia mwingine? Nadhani mkubwa alikuwa na ile dondoo ya mahakama, karatasi inayoonyesha nani ana haki hiyo.

Mama Machungwa
Ndiyo. Ya mkubwa nilipewa bure mahakamani. Nilipoomba ya mdogo wakaniambia haki ni ya wote wawili. Nikadhani yule dada wa mapokezi hajui kazi.

Mpelelezi Mstaafu
Sawa. Kwenye sheria nimeshindwa. Sungura bado namtilia shaka.

Bi Mkubwa wa Muscat
Mpelelezi nenda kalale. Mwanangu, hebu niambie, huyo baba tangu jana kimya?

Mama Machungwa
Katuma ujumbe saa hii hii. "Ijumaa saa kumi nakuja. Msitoke." Hakuna salamu, hakuna alama ya chochote. Sijui hiyo "msitoke" ni ya heri au ya shari. Mtu akikuandikia hivyo ana maana gani?

Nyundo
Ana maana usitoke.

Bi Mkubwa wa Muscat
Pika. Mtu akija na hasira akikuta harufu ya chakula, neno la kwanza linabadilika. Halafu mwambie la magodoro mwenyewe, asilisikie kwa mtoto.

Dada wa Den Haag
Na fomu nyingine ipakue uiweke mezani, tupu. Wiki tatu za Desemba, tiketi ya kwenda na kurudi kwa wote, tarehe zimeandikwa. La mwaka mzima lisubiri wakili. Basi la Jumamosi lifute.

Mama Machungwa
Fomu nitaipakua. Basi bado sijalifuta, msiniulize.

Mtu wa Göteborg
Leta mrejesho Ijumaa usiku. Na namba ya simu juu ya kiwiko, usisahau.

Chapati Mbili
Swali la mwisho kutoka viti vya nyuma. Sungura amerudi?

Mama Machungwa
Tumekwenda kumwomba leo. Mtoto wa jirani kakataa, anasema ameshampa jina jingine. Mwanangu amelala na viatu, anasema kesho anarudi kujaribu tena mapema.