Nesi aliyesomeshwa kwa kodi akitaka kwenda Uingereza, alipe kwanza?

Mchambuzi wa Kibaha: Wadau naomba tujadili bila matusi. WHO wametuweka kwenye ile orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, ya 2023 ina nchi 55. Na hapohapo kila nesi kijana ukikutana naye anakwambia anajiandaa na mtihani wa nje. Kodi ya mama muuza vitumbua imemsomesha huyo. Mimi naona ije sheria, ukitaka kuondoka kabla ya miaka mitano rudisha gharama ndo Baraza la Uuguzi likupe barua ya kukuthibitisha huko nje. Mnaonaje?

Nesi Bila Cheki Namba: Kodi ipi imenisomesha mimi?? Nimesoma chuo binafsi, mzee kauza eneo. Nimemaliza, najitolea hospitali ya wilaya, zamu za usiku naingia kama wenye cheki namba walioajiriwa na serikali, nalipwa nauli na hiyo hadi mganga mfawidhi akumbuke. Uhaba uko kwenye makaratasi, mtaani manesi tumejaa tunauza mitumba. Hizo gharama umrudishie mzee wangu.

Ngosha wa Igoma: Na aliyesoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo inamkata 15% ya mshahara kila mwezi, mleta mada unataka alipe mara mbili? Ila na nyie manesi midomo yenu punguzeni, shangazi yangu alijibiwa wodini hadi presha ikapanda upya.

Mchambuzi wa Kibaha: Mada sio midomo mkuu. Chuo cha serikali ada anayolipa mwanafunzi haifikii gharama halisi, hilo hamlijibu.

Nesi Bila Cheki Namba: Ngosha kaa wewe na wagonjwa arobaini peke yako usiku kucha halafu uje unieleze habari za mdomo.

Mtu wa Githurai: Haki mnanichekesha watu wa Bongo. Mnapangiana masharti ya kuondoka na hata airport hamjafika, Kizungu kitawamalizia kwa IELTS, ule mtihani wa lugha. Sisi Wakenya tulisaini mkataba na UK 2021 wa kupeleka manesi, watu wanaenda.

Mzaramo Asilia: Huyu kaalikwa na nani? Mlisaini ndio, halafu 2022 waziri wenu wa afya Kagwe kwa mdomo wake akasema mmepeleka manesi 300 mtihani wa Kiingereza wakafaulu 10. KUMI. Na nyie Kiingereza mnaongea hadi na mbuzi.

Mtu wa Githurai: Boss mtihani si kuongea. Hao walienda bila kujipanga. Weka 300 wa kwenu hapo tuone kama utapata hata wa kujaza fomu.

Ngosha wa Igoma: 😂😂 mbuzi

Nesi Bila Cheki Namba: Anatomia, famakolojia, vyote tumesoma kwa Kiingereza, ripoti naandika kwa Kiingereza kila asubuhi. Acha dharau kaka.

Bwana Mipango: Mnagombea nini na Uingereza wameshafunga? Tanzania tumepigwa marufuku kabisa tuko kwenye orodha yao nyekundu, na Julai 2025 wamefunga dunia nzima.

Sista wa Leicester: Bwana Mipango usipotoshe watu. Hiyo nyekundu inamzuia mwajiri na wakala kuja kukutafuta huko, wewe ukiona tangazo ukaomba mwenyewe moja kwa moja hakuna anayekukataza, kwa hiyo wakala akija Dar anakwambia ana nafasi zako hospitali za NHS, yaani za serikali huku, jua unaliwa hela. Kilichofungwa Julai 2025 ni viza mpya za wale wahudumu wa nyumba za wazee waliokuwa wanatoka nje, nesi mwenye usajili bado anaombewa viza. Na huo mtihani: IELTS unatakiwa 7 kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5. OET, ule wa Kiingereza cha watu wa afya, ni B kote, kuandika C+. Halafu CBT, mtihani wa kompyuta, unafanyia huko huko, OSCE ya vitendo unaikuta huku, vituo kumi, na kabla hujaipita hulipwi kama nesi. Kuna watu wameendesha wodi miaka 15 wanaangushwa na namna ya kunawa mikono.

Mzaramo Asilia: Umeona sasa Githurai, kunawa mikono. Sio Kizungu.

Mtu wa Githurai: Amesema 7 kwa kuongea, soma tena polepole kama kuna mahali hujaelewa niite.

Ngosha wa Igoma: Sista lakini si mnaenda kugeuza wazee kitandani tu? Mtu ana diploma yake anaenda kufuta wazungu.

Sista wa Leicester: Na huko kwetu nani anamgeuza mgonjwa? Ndugu zake, nesi hayupo, mko wawili wodi nzima. Mgonjwa asipogeuzwa anapata vidonda. Hiyo ndo kazi yenyewe Ngosha, hata shangazi yako huyo angeitaka.

Ngosha wa Igoma: Shangazi muache.

Mchambuzi wa Kibaha: Naona mmeamua kunikimbia. Chuo cha serikali, ada, nani analipa?

Mzaramo Asilia: Mkuu ngoja kwanza, huyu jirani bado hajaeleza wale 290 walienda wapi.

Nesi Bila Cheki Namba: Sista samahani, kwa mtu anayeandika vibaya ila anasikia vizuri, OET au IELTS?

Sista wa Leicester: OET mdogo wangu. Kuandika ni barua ya rufaa ya mgonjwa, unazijua.